Nishani Mbili za Moscow

Watu wa Maili Moja na Kibaha walijua vema jina la Bwana Filbert Bayi, maana huko Mkuza iko shule iitwayo kwa jina lake. Lakini watoto wengi wa siku hizi hawajui jina hilo lilipataje sifa ulimwenguni. Kwa hiyo yafaa wazee na walimu waelezwe habari ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1980, wapate kuwasimulia vijana wao.

Olimpiki ni mashindano ya mataifa yote, nayo hufanywa kila baada ya miaka minne. Mshindi wa kwanza hupewa nishani ya dhahabu, wa pili ya fedha, na wa tatu ya shaba. Tanganyika ilipeleka watu wake mara ya kwanza Tokyo, mwaka 1964. Tangu hapo hata michezo ya Paris ya mwaka 1924 ilipotimiza miaka mia, yaani mwaka 2024, nchi yetu ilikuwa imepata nishani mbili tu. Zote ni za fedha, zote ni za mbio, na zote zilipatikana Moscow kwa siku mbili zilizofuatana.

Nishani ya kwanza ilipatikana tarehe 31 Julai 1980, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mbio hizi ni ngumu kuliko zidhaniwavyo. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara saba na zaidi, akivuka viunzi 28, na mara saba huruka kiunzi chenye dimbwi la maji mbele yake. Viunzi hivyo ni vizito, wala havianguki vikigongwa. Agongaye huanguka yeye.

Bwana Bayi alikuwa na desturi yake, nayo ni kutangulia tangu mwanzo na kuwaacha wenziwe wamfukuze. Kwa desturi hiyo alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Moscow alifanya vivyo hivyo, akawaacha wote nyuma sana. Lakini mita 3,000 zenye viunzi humaliza nguvu za miguu. Bwana Bronisław Malinowski wa Poland alimwandama kwa saburi, akampata katika mzunguko wa mwisho, akashinda kwa 8:09.7. Bwana Bayi alifika kwa 8:12.5, mbele ya Eshetu Tura wa Ethiopia.

Kesho yake Bwana Suleiman Nyambui alishindana katika mita 5,000. Yeye hakutangulia, alikaa katika kundi akitunza nguvu zake mpaka mwisho. Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekuwa amekwisha kushinda mita 10,000, alichomoka akapata dhahabu. Bwana Nyambui alifuata nyuma yake kwa muda usiotimia sekunde moja. Basi hapa ziko njia mbili zilizo mbali kabisa, ya kuongoza na ya kungoja, na kila moja ilileta fedha.

Wako wasemao kwamba nishani hizo zilikuwa rahisi, kwa kuwa Marekani, Kenya na nchi nyingine nyingi zilikataa kwenda Moscow kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Marekani ilimtuma hata Muhammad Ali kuja Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isiende, lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Ni kweli kwamba Henry Rono wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia katika mbio hizo zote mbili wakati ule, hakuwapo. Lakini ni kweli pia kwamba mwaka 1976 Tanzania haikwenda Montreal, kwa kupinga urafiki wa michezo kati ya New Zealand na Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Mwaka ule rekodi ya mita 1,500 ilikuwa bado ya Bwana Bayi mwenyewe. Apimaye kwa haki na aweke yote mawili katika mizani.

Wala kwenda tu hakuleti nishani. Timu yetu ya mpira wa magongo ilikuwako Moscow hiyo hiyo, ikafungwa na India mabao 18 kwa sifuri, ikawa ya mwisho. Wachezaji wale hawakukosa moyo. Walikutana na watu waliozoea mchezo ule tangu utoto.

Hili ndilo jambo la kushikwa na walimu. Mkimbiaji haanzi kufanywa katika mwaka wa mashindano, huanza shuleni. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Pimeni uwanja kwa kamba, mzunguko uwe wa mita 400. Mpigieni kila mtoto saa, mwandike muda wake katika daftari, mwezi kwa mwezi, ili aonekane nani anaendelea. Na wazee wa vijiji wasiache uwanja wa shule ukatwe viwanja vya nyumba, kwani uwanja ukiisha kujengwa haurudi. Mwanzo wa ngoma ni lele.