Je, Wajua? Kiswahili Humficha Muuaji, na Mpelelezi Pia

Riwaya ya upelelezi, yaani hadithi inayoanzia kwenye uhalifu na kumwongoza msomaji hadi kwa mhalifu, hunufaika sana na Kiswahili, kwa kuwa kiambishi a-, kile kipande cha kitenzi kinachomwakilisha mtendaji, hakimtofautishi mwanamume na mwanamke. Sentensi "alifungua mlango, akavua viatu, akasubiri gizani" yaweza kumhusu yeyote, na neno mpelelezi lenyewe halina jinsia.

Hata hivyo, wapelelezi mashuhuri wa riwaya hizo, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejulikana kupitia riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wote ni wanaume, jambo la kusikitisha katika fasihi yenye lugha iliyo tayari kumpokea mpelelezi wa kike. Lakini kwenye skrini, nchini Kenya, tamthilia ya Crime and Justice (2021) ilimpa mwigizaji Sarah Hassan nafasi ya mpelelezi Makena.

Jinsia ya mpelelezi huweza kufichwa hata na sauti: jijini Dar es Salaam, katika vibanda umiza vya Temeke na Kinondoni, yaani vyumba vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio kidogo, watazamaji hubanana kwenye mabenchi wakimsikiliza mtafsiri mmoja anayesimulia filamu ya kigeni na kuwasemea wahusika wote, kazi iliyompa umaarufu Derek Mukandala, yaani Lufufu. Hivyo askari wa kike anayemhoji mtuhumiwa huzungumza kwa sauti nzito ya kiume, na bado ukumbi mzima humshangilia yeye.