Tarakilishi Haiwaki: Kauli Moja, Hitilafu Tatu

Utangulizi

Mwanafunzi anayeandika tasnifu huitegemea tarakilishi jinsi mkulima anavyolitegemea jembe. Chombo hicho kinapogoma siku chache kabla ya tarehe ya kuwasilisha kazi, kilio huwa kimoja: "Tarakilishi haiwaki!" Kauli hii ni sahihi kisarufi, ila haimsaidii fundi, kwa sababu hubeba maana tatu, na kila maana ina tiba yake. Makala haya yanazifafanua maana hizo kwa kurejelea tarakilishi ya mezani.

Hatua za Kuanza Kazi

Tarakilishi haianzi kazi kwa mkupuo mmoja. Kwanza, kisanduku cha umeme kilichomo ndani yake hupokea umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni wa volti 240, na kuupunguza hadi volti 12, 5 na 3.3. Pili, programu ndogo iliyohifadhiwa katika bodi mama hukagua viungo muhimu, vikiwemo vibao vya kumbukumbu na sehemu inayopeleka picha kwenye kiwambo. Tatu, programu hiyo huitafuta programu endeshi, mathalani Windows au Linux, ndani ya diski kuu na kuikabidhi usukani. Hatua moja ikikwama, inayofuata haifikiwi. Swali la msingi basi ni: imekwama wapi?

Maana ya Kwanza: Imezima Kabisa

Hakuna taa wala feni inayozunguka. Hapa anayeshukiwa ni umeme. Soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine, waya ubadilishwe, na swichi iliyo nyuma ya kisanduku ikaguliwe. Baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi nyingine ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Tarakilishi iliyotumika Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120, huenda ikaletwa ikiwa imewekwa kwenye 115. Kuichomeka hivyo katika soketi ya Kenya ni kuiunguza. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye fundi, kwani baadhi ya vijenzi vyake huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Maana ya Pili: Inanguruma, Kiwambo ni Cheusi

Feni zinazunguka lakini hakuna kinachoonekana. Kwanza ihakikishwe kwamba kiwambo chenyewe kina umeme na kwamba waya wake haujalegea. Kisha isikilizwe milio. Tarakilishi nyingi hutoa milio mifupi au mirefu kueleza kilichokwama, ingawa kila mtengenezaji ana lahaja yake. Tafsiri imo katika kijitabu cha bodi mama. Mara nyingi kosa ni vibao vya kumbukumbu vilivyolegea au kushika vumbi. Waya wa umeme uchomolewe, mtu aguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, avitoe vibao, asugue kidogo miguu yake kwa kifutio laini, kisha avirudishe hadi vibanio vijifunge. Vikiwa viwili, vijaribiwe kimoja kimoja.

Maana ya Tatu: Inaanza, Haifiki

Maandishi hutokea, kisha mashine hukwama au kujizima na kujiwasha tena. Flashi yoyote iliyosahauliwa itolewe, kwani huenda tarakilishi inaitafuta programu endeshi humo. Ikiwa saa nayo imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye bodi mama imechoka na yafaa kubadilishwa. Lakini diski kuu ikitoa sauti ya kugongagonga, mashine izimwe mara moja. Diski hiyo inakaribia kufa, na kila jaribio la kuiwasha huidhuru zaidi.

Hapa ndipo tasnifu nyingi huangamia. Fundi mwenye pupa hushauri programu endeshi isakinishwe upya, na kazi hiyo ikifanywa bila uangalifu hufuta kila kilichomo. Ilhali kuharibika kwa programu endeshi si kuharibika kwa maandishi. Diski nzima yaweza kuunganishwa na tarakilishi nyingine, au mashine ikawashwa kwa flashi yenye Ubuntu, programu endeshi isiyolipiwa iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, ambayo jina lake la Kinguni ni ndugu wa neno "utu". Faili hunakiliwa kwanza, matengenezo yakafuata. Diski iliyofungwa kwa msimbo wa siri tu ndiyo itakayodai ufunguo wake kabla ya kusomeka.

Hitimisho

Mwanafunzi wa lugha ana zana ambayo fundi huihitaji kabla ya bisibisi: maelezo sahihi. Badala ya "haiwaki", aseme, "Feni zinazunguka, kiwambo ni cheusi, imelia mara tatu." Kwa sentensi hiyo, theluthi mbili za uwezekano zimeondolewa. Naye aliyemaliza sura moja ya tasnifu na ainakili mahali pengine jioni iyo hiyo, kwani tahadhari kabla ya hatari.