Kisima, Choo na Ploti ya Futi Hamsini kwa Mia

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye mahindi ya kuchoma asile peke yake.

Kitale mnaijua kwa stendi yake na makelele ya makanga. Walowezi wa Kizungu walijikatia mashamba hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any. Mwaka 1926 reli ikafika, mahindi yakapata njia ya kwenda mbali. Mwaka 1956 ikaanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Penye mahindi pana kazi, na penye kazi watu hawakosi. Wakaja kutoka Bungoma na Pokot. Wakaja Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo, wengi wakatua mtaa wa Kipsongo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 106,187 mjini. Ya 2019 ikahesabu 162,174. Yaani penye wawili sasa wapo watatu, kwa miaka kumi tu!

Bungoma ni ndogo kuliko Kitale, lakini iko kwenye barabara na reli ya Uganda, na tangu 2013 ni makao makuu ya kaunti. Ofisi zikaja, makarani wakaja, wauza chai wakawafuata.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu huhamia mji kwa siku moja, na begi lake moja. Bomba la maji halihami hivyo: lina bajeti, lina mtaro wa kuchimbwa, lina zabuni. Anayekuja kabla ya bomba huchimba kisima uani, na huchimba choo cha shimo uani humo humo. Uchafu wa chooni hushuka na maji ya mvua, ukapenya udongoni polepole hadi kisimani. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba viwili hivyo vitengane mita 30. Haya, pigeni hesabu. Ploti inayouzwa kwetu ni futi 50 kwa 100. Futi 100 ni kama mita 30. Weka choo kona hii na kisima kona ile, umeshinda! Lakini nyuma ya ua wako kuna choo cha jirani, naye hakukuuliza.

Si miji yetu tu iliyokua haraka: huko kusini mwa China, jirani na Hong Kong, kuna mji unaitwa Shenzhen. Palikuwa na mashamba na vijiji hadi serikali ilipopafanya eneo maalumu la uchumi mwaka 1980. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 17. Wanakijiji waligeuza viwanja vyao kuwa maghorofa ya kupangisha, yamebanana hadi jirani na jirani wanaweza kupeana mkono dirishani. Mito yao midogo haikutosha, na leo maji yao mengi huvutwa kutoka mto Dongjiang, nje ya mji. Wao wana viwanda vya kuingiza fedha za kazi kama hiyo ya mabomba. Sisi tuna mahindi na kodi za nyumba, na mimi sioni kama vinatosha kufanya kazi hiyo haraka.

Mkipita kati ya Kanduyi na Musikoma, kule Bungoma, au ukingoni mwa Kitale ambako shamba la mahindi limepigwa vigingi, mtaona kibao: ploti zinauzwa. Mwulizeni muuzaji bomba liko wapi. Akionyesha kwa kidole mbali sana, mwulizeni na choo cha jirani.