Wasifu wa baba usisubiri usiku wa msiba

Msiba ukitokea Kwamkoro, kazi hujigawa zenyewe. Vijana huchukua majembe kwenda kuchimba kaburi. Akina mama huinjika masufuria. Wazee hukaa chini ya turubai wakiulizana ni ndugu gani bado wako njiani wakipanda mlima kutoka Muheza. Halafu, usiku ukiwa umeshaingia, mtu mmoja hukumbuka: wasifu wa mzee anauandika nani?

Hapo watoto huanza kutazamana. Mzee alizaliwa mwaka gani? Kadi ya mpiga kura inasema hivi, cheti cha ubatizo kinasema vingine. Alianza lini kazi kwenye chai? Uzee wa kanisa aliupata kabla ya kujenga nyumba hii au baada? Kesho yake, mtu aliyeshiba miaka themanini anasomewa ukurasa mmoja: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, aliugua, alifariki. Kwa Waislamu maziko hayangoji karatasi, na siku ya hitima maneno huwa mafupi vilevile. Alikuwa mtu wa watu, Mungu amrehemu.

Mtu wa watu kwa namna gani? Hilo ndilo halisomwi.

Kwamkoro iko katika tarafa ya Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walijaribu kahawa katika milima hii mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1902 wakafungua taasisi yao ya utafiti pale Amani. Kahawa haikudumu, baadaye ikaja chai. Mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo, hivyo watu wakaja kutoka mbali, wengine Nyanda za Juu Kusini, wakaishi pamoja na Wasambaa waliowakuta.

Mtu aliyehamia hivyo hakuwa na mjomba wala shangazi wa karibu. Akifiwa, nani atamletea kuni na unga? Kanisa, msikiti na chama cha kuzikana ndivyo vilivyokuwa ukoo wake. Kwa hiyo baba aliyetunza daftari la michango, akajua nani ametoa na nani hana, akamstahi asiye nacho mbele za watu, alikuwa akifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na ndugu wa damu. Katika wasifu anaandikwa tu "mhazini".

Yako na mengine yanayopita hivihivi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na nchi nzima watu wakashika chaki baada ya kazi za mchana kuwafundisha majirani kusoma. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vikakaa kuzunguka redio, vikasikiliza, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilipotakiwa kumfikia kila mtoto, vijiji vilijenga madarasa kwa kubeba mawe na matofali kichwani. Mzee wa miaka themanini leo alikuwa kijana wa makamo hayo. Mtoto wake aliye Dar es Salaam huenda hajui kama baba alikuwa na chaki, alikuwa na sururu, au vyote viwili.

Wapo waliotangulia kuliona hili. Martin Kayamba, ambaye asili yake ni ukoo wa Kilindi uliotawala Usambara, aliandika maisha yake mwenyewe akianzia kwa wazee wake. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham.

Na chini ya milima hii, Pangani, alizaliwa Kleist Sykes mwaka 1894. Baba yake alikuwa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji, akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Kleist alilelewa na mtu mwingine, akakua, akawa karani wa reli Dar es Salaam. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, kisha wa Al Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliacha maandishi kuhusu maisha yake. Wanawe Abdulwahid na Ally wakawa mstari wa mbele katika safari iliyozaa TANU mwaka 1954. Lakini aliyemfanya babu ajulikane hadi vyuoni ni mjukuu, Daisy, aliyesoma karatasi hizo akaziandikia makala iliyotoka katika kitabu cha mwaka 1973. Yatima aliyempoteza baba mapema alihakikisha wajukuu wake hawampotezi yeye. Ni wazee wangapi wenye karatasi kama hizo kwenye sanduku, na wajukuu wasiofungua?

Kuna jambo gumu zaidi, nalo husemwa kwa kunong'ona jikoni. Baba wa watu mara nyingi hakuwa nyumbani. Jioni yuko kwenye kikao cha usharika, Jumamosi yuko kwenye kusuluhisha ndoa ya watu, Jumapili ndiyo usiseme. Mama ndiye aliyebaki na watoto, kuku na homa za usiku. Mtoto anaposikia baba akisifiwa kaburini huweza kulia kwa mambo mawili kwa pamoja. Wasifu unaoficha hilo haumheshimu mzee wala mama. Yafaa kumuuliza baba angali hai, kwa adabu: "Baba, siku zile tulipokuwa wadogo, ulikuwa ukienda wapi?" Huenda jibu likawa fupi. Huenda akanyamaza, kisha akarudi nalo wiki ya pili.

Ukiwa na simu mkononi, kazi haihitaji mtaalamu. Usimwambie mzee "tusimulie historia yako". Atakwambia hana historia. Mletee kitu: kadi ya TANU, cheti cha kipaimara, picha ya harusi iliyofifia, kitambulisho cha kazi ya shamba. Uliza nani huyu aliyesimama pembeni. Rekodi dakika kumi, acha apumzike. Tarehe zikigoma, rejesta ya ubatizo usharikani husaidia, na kwa asiyebatizwa hesabu huanzia tukio: kabla ya Uhuru, baada ya Azimio, mwaka wa Vita vya Kagera.

Mama awe karibu. Yeye ndiye atakayesahihisha.

Na muulize mzee daftari la chama cha kuzikana liko wapi. Mara nyingi liko chini ya godoro, limefungwa kwa uzi, na majina mengine ndani yake yana deni ambalo yeye alikwisha kulilipa bila kumwambia mtu.