Supa Modo: filamu iliyosifiwa Berlin, isiyofika Githurai

Mwaka 2018 Kenya ilitoa filamu mbili zilizovuma ng'ambo. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nyumbani, kisha mnamo Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba, na watu wakajaa ukumbini. Supa Modo ya Likarion Wainaina haikugombana na mtu. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari, watoto waliokuwa majaji wakaitaja kwa heshima, na mwaka huohuo ikateuliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Ya kwanza inajulikana hata kwa wasioiona. Ya pili, ambayo naiona kuwa ndiyo ya watu wote, mtoto kwa nyanya, imebaki kwa wapenzi wa tamasha. Wengi husema hadhira yetu haipendi kazi za hapa. Mimi nasema hadhira hiyo haikuulizwa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Jo ana miaka tisa, anaugua ugonjwa usio na tiba, na mama yake anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki aishi nyumbani. Mtoto huyu anazijua filamu za kung fu na za mashujaa nje ndani. Dada yake, Mwix, anakataa kukaa akingoja msiba. Anashirikiana na majirani kumfanya Jo aamini ana nguvu za ajabu, hadi kijiji kizima kinajitosa kumtengenezea filamu yake. Kuna Mike, anayeonyesha muvi kijijini huku akizitangaza kwa mdomo wake mwenyewe, akichezea sauti na kutia utani pale mhusika wa kigeni anapokaza uso. Mkazi yeyote wa mtaa wa Githurai 45 anamfahamu mtu wa aina hii: DJ Afro amejenga jina kwa kazi hiyohiyo, na vijiduka vya muvi huweka kazi zake kwenye flashi kwa bei ya kikombe cha chai. Hapo ndipo kinaya kilipo. Filamu inayosherehekea kibanda cha video ilipelekwa kwenye majumba ya sinema ya maduka makubwa, ambako tiketi na nauli ni pesa ya chakula cha jioni cha familia.

Kuna watakaosema hii ni filamu ya kilio, na mtu aliyetoka kazini amechoka anataka ngumi. Lakini ni watu haohao wanaolia na tamthilia za Mexico na filamu za Kihindi, na zaidi ya hayo nusu ya Supa Modo ni kicheko. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ilitokana na mradi wa One Fine Day Films, kampuni ya Kijerumani iliyotuletea pia Nairobi Half Life, kwa hiyo eti ililenga macho ya Wazungu. Fedha zilitoka huko, ni kweli. Lakini waandishi ni Wakenya, wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza kama abiria wa matatu ya 45, na utani mwingi wa Mike Mjerumani anausoma tu chini ya skrini. Ama hoja kwamba Rafiki ilipata watu, umati ule uliitwa na marufuku, na ulijaza kumbi za wenye uwezo wa kwenda sinema.

Pingamizi linalobaki ni uharamia, na hapa watayarishaji wana haki ya kuogopa: nakala moja ikiingia kijidukani, haina mwenyewe tena. Hata hivyo, kuificha filamu hakujamlipa mtu. Kijana wa kijiduka mwenye kompyuta na spika mbili tayari ana wateja, bei wanayoimudu na imani yao. Angeuziwa leseni ya bei ndogo, na mtangazaji akalipwa atie sauti yake kwenye filamu ya hapa jinsi anavyotia kwenye ya Hong Kong, mtayarishaji angepata angalau sehemu ya shilingi ambazo sasa haoni hata moja.