Dawa ya Kifua Kikuu na Ini la Mtoto

Mtoto anayeugua kifua kikuu hunywa dawa kila siku kwa miezi kadhaa. Miongoni mwa dawa hizo zimo isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Huua vijidudu vya maradhi, lakini zote tatu huweza, kwa nadra, kulidhuru ini.

Mjini Kampala, kwenye kilima cha Mulago, watafiti walishiriki katika uchunguzi uliohusu watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Matokeo yake ya mwaka 2022 yalithibitisha kuwa mtoto mwenye kifua kikuu kisicho kikali aweza kupona kwa matibabu ya miezi 4 badala ya 6. Madhara ya ini yalionekana kwa watoto wachache tu.

Basi mzazi asiiogope dawa, bali awe macho. Mtoto akikataa chakula, akitapika mara kwa mara, macho yakigeuka manjano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na dawa zake zote. Daktari ndiye aamuaye zipi zisimamishwe na lini zirejeshwe. Kuziacha kimya kimya nyumbani ni kuyapa maradhi nafasi ya kurudi.

Kipimo hufuata uzito wa mtoto; dawa ya mkubwa asigawiwe mdogo. Na baba askari akihamishiwa kituo kingine, kadi ya matibabu isafiri pamoja na mtoto.