Gari la Kikundi Likilia "Ti-ti-ti": Tusikilize Kabla ya Kulipa



Vikundi vingine vya hapa Ikonge na vijiji vya jirani vimefikiria, au vimekwisha nunua, gari la kazi. Si gari jipya. Ni pikapu au Probox iliyotumika miaka mingi, ya kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili kule Kisii, kuleta mbolea wakati wa kupanda, na kukimbiza mgonjwa usiku. Wazee wetu walikuwa na egesangio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Gari la kikundi ni egesangio ya siku hizi. Lakini kuna tofauti moja. Jembe likivunjika mpini kila mtu anaona. Injini ikianza kulia, anayejua ni fundi, na sisi wengine tunaamini tu. Hapo ndipo akiba hupotea na wanachama huanza kutazamana vibaya.

Chukueni mfano huu. Dereva anasema gari linalia ti-ti-ti. Fundi anasikiliza dakika moja, anasema injini imekwisha, ifunguliwe yote. Mhazini anatoa akiba ya mwaka mzima. Gari linarudi, na bado linalia ti-ti-ti, kwa sababu shida ilikuwa ni gasketi ya bomba la moshi. Sasa nani amekula pesa? Pengine hakuna aliyekula. Shida ni kwamba hakuna aliyepima.

Kwa hivyo tunaeleza hapa namna ya kupima. Si lazima kila mwanachama awe fundi. Inatosha kikundi kijue maswali ya kuuliza.

SAUTI HIYO INATOKA WAPI?

Juu ya injini kuna valvu. Valvu ni kama milango midogo ya chuma: mingine huingiza hewa na mafuta ndani ya silinda, mingine hutoa moshi. Milango hiyo hufunguliwa na kamshafti kupitia tapeti au roka. Sasa, chuma kikipata moto kinarefuka. Ndiyo sababu katika injini nyingi kumeachwa mwanya mdogo sana hapo, ili valvu ikirefuka bado iweze kujifunga sawasawa. Mwanya ukizidi kipimo, chuma kinagonga chuma kila valvu inapofunguliwa. Hiyo ndiyo ti-ti-ti.

Mwanya wenyewe ni mdogo namna gani? Kwa pikapu ya Peugeot 504, ambayo wengi wanaikumbuka, valvu ya kuingiza ni milimita 0.10 na ya moshi ni 0.25, injini ikiwa baridi. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa karibu 0.10. Kwa Probox yenye injini ya 1NZ, ya kuingiza ni kati ya 0.15 na 0.25, na ya moshi ni kati ya 0.25 na 0.35. Kila injini ina vipimo vyake. Msikubali fundi akisie.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA OILI

Hatua hii haina gharama. Huku kwetu ni milima, basi tafuteni mahali tambarare. Zimeni injini, ngojeni kama dakika kumi, halafu vuteni kile kijiti cha kupimia oili. Mkifute, mkirudishe, mkivute tena.

Oili ikiwa chini sana, pampu inavuta hewa, vyuma vya juu vinakauka na kuanza kulia. Oili ikipita alama ya juu pia ni vibaya: kranki inaipiga mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi chuma. Kama ni nyeusi na nzito kama uji, au hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini, badilisheni oili na filta kwanza, kisha msikilize tena.

Injini nyingine zina tapeti zinazojazwa na oili zenyewe ili kuziba ule mwanya. Hizo zikilia sekunde chache asubuhi, si ugonjwa. Zikiendelea, tazameni oili kabla ya kununua tapeti mpya.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likitembea, dereva asimame mahali pa salama mara moja na kuzima injini, hata kama ndizi zimejaa na soko linangoja.

HATUA YA PILI: SIKILIZA

Sikilizeni injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Sauti hazifanani.

1. Ti-ti-ti nyepesi, kutoka juu ya injini. Huenda ni valvu. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 400 tu, yaani nusu. Ndiyo sababu sauti ya valvu moja inaonekana kama iko nyuma ya mwendo wa injini.

2. Pf-pf-pf kutoka ubavuni, kali asubuhi na wakati wa kupanda mlima, halafu inapungua injini ikipata moto. Huenda ni moshi unaotoroka kwenye gasketi ya bomba la moshi. Tafuteni masizi meusi hapo. Msipuuze, maana ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Ikiingia ndani ya gari inaweza kuua.

3. Mlio mdogo wa haraka, usiobadilika, kwenye injini ya petroli yenye injekta. Mara nyingi ni injekta zikifanya kazi yake tu.

4. Ngo-ngo-ngo nzito, kutoka chini, inayozidi gari likibeba mzigo. Huenda ni bering za konrodi. Hapa msiendelee kuendesha. Hii ndiyo sauti inayoweza kuwa sababu ya kufungua injini.

Ili kujua mahali, tumieni mpira wa maji wa urefu wa mita moja. Ncha moja iwe sikioni, nyingine mwisogeze polepole karibu na injini. Lakini tahadhari! Asiwepo mtu mwenye leso, skafu au mikono mirefu inayoning'inia karibu na feni na mikanda. Watoto wakae mbali.

HATUA YA TATU: PIMA

Kifaa chake kinaitwa fila geji. Ni vibamba vyembamba vya chuma, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Injini iwe imelala usiku mzima, maana vipimo tulivyotaja ni vya injini baridi. Fundi anafungua kifuniko cha juu na kuzungusha injini kwa spana. Kwa injini ya silinda nne inayochoma kwa mpango wa 1-3-4-2, valvu za silinda ya 1 zikiwa zinapishana, moja ikifunga na nyingine ikifungua, ndipo za silinda ya 4 hupimwa. Za 4 zikipishana, anapima za 1. Vivyo hivyo 2 na 3.

Mwanachama mmoja asimame hapo na kalamu. Aandike kipimo cha kila valvu kabla ya kitu chochote kurekebishwa.

Katika 504 kurekebisha ni kazi ya skrubu na nati. Katika Probox tuliyotaja hakuna skrubu. Vikombe vya tapeti hubadilishwa kwa vyenye unene mwingine, na kamshafti lazima zitolewe. Basi kazi hizi mbili haziwezi kuwa na bei moja, na mtu akiwaambia "nitakaza tapeti" za gari lisilo na skrubu, muulizeni atakaza nini.

VALVU ILIYONYAMAZA NDIYO YA KUOGOPWA

Hili ndilo tungependa mkumbuke zaidi. Madereva wengine humwambia fundi, "Kaza mpaka inyamaze." Ni hatari. Valvu ya moshi hupoa wakati imefunga na kukaa kwenye kiti chake. Mwanya ukiwa mdogo mno, haifungi kabisa, moto unapenya pembeni na kuiunguza. Gari linakosa nguvu mlimani, linatetemeka likisimama, na hakuna sauti iliyowaonya. Valvu inayolia kidogo inawapa muda wa kupanga. Iliyokazwa kupita kiasi inawapa hasara kimya kimya. Fundi asilenge kunyamazisha. Alenge kipimo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mafundi wetu wa jua kali si maadui. Wengi wana ujuzi mkubwa, lakini nao wanasukumwa na dereva mwenye haraka. Tuwasaidie kufanya kazi vizuri:

– Mlipe fundi kwa kupima, kando na malipo ya kutengeneza. Akilipwa kwa kupima, hana haja ya kutafuta ugonjwa mkubwa.
– Wanachama wawili wawepo, mwanamke na mwanamume, si dereva peke yake.
– Vipuri vya zamani virudishwe kwa kikundi.
– Malipo ya M-Pesa yaandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo.
– Daftari la gari lionyeshe tarehe na kilomita za kila badiliko la oili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yetu anajua oili ya gari letu, au ya injini ya posho mili yetu, ilibadilishwa lini?
2. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, tulilipia kitu kilichopimwa au kilichokisiwa?
3. Dereva akileta habari mbaya, je, tunamsikiliza au tunamlaumu? Akiogopa kulaumiwa, atasema lini?